Fundi wa Mashine za Karata Aliyeokoa Nintendo Akiwa Hai, Kisha Akaiokoa Tena Akiwa Kaburini

Shika padi yoyote ya gemu, iwe ya PlayStation, ya Xbox au zile za bei nafuu unauziwa pale Luthuli Avenue. Upande wa kushoto, pale dole gumba linakaa, kuna kimsalaba cha kwenda juu, chini, kushoto na kulia. Watu wanakibonyeza kila siku na hakuna anayeuliza kilitoka wapi. Kilitoka Kyoto, Japani, mwaka wa 1982, na jamaa anayepewa sifa ya kukibuni anaitwa Gunpei Yokoi.

Yokoi alikufa barabarani mwaka wa 1997 akiwa na miaka 56. Alikuwa ametoka Nintendo mwaka mmoja kabla, baada ya kuichapia kazi miaka 31, na alitoka wakati jina lake limepakwa matope na mashine moja iliyofeli vibaya sana. Nintendo yenyewe wakati huo ilikuwa imeanza kula vumbi la Sony. Leo kampuni iko juu tena, na ukifuatilia venye ilipanda, kila ngazi ina alama za vidole vya huyu mzee.

Basi tuanze mwanzo, ju hii story bila mwanzo haiingii kichwani.

Karata, teksi na mkono wa kukunja

Nintendo si kampuni ya juzi. Ilianza 1889 mjini Kyoto, na mwanzilishi alikuwa Fusajiro Yamauchi. Biashara yake ilikuwa hanafuda, karata ndogo zenye picha za maua ambazo Wajapani walichezea nyumbani na pia kwenye kamari. Miaka 60 baadaye, 1949, kampuni ikaangukia mikononi mwa kitukuu wake, Hiroshi Yamauchi, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeacha Chuo Kikuu cha Waseda katikati ili aje akalie kiti cha babu yake. (Sisi tulioacha chuo tunamsalimia.)

Yamauchi alikuwa mdosi mkali, wa kuamua peke yake na kutocheka na mtu. Lakini kuwa mkali hakukumletea doo. Alijaribu biashara ya teksi, akajaribu wali wa kuongeza maji moto tu ukala, zote zikalala. Baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964 soko la karata nalo likazama. Nintendo ikawa kampuni yenye jina kubwa la zamani na hakuna mtu anajua itauza nini kesho.

Hapo ndipo Yokoi anaingia, 1965. Alizaliwa Kyoto tarehe 10 Septemba 1941, akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Doshisha, na yale makampuni makubwa ya elektroniki hayakumtaka. Nintendo ilikuwa mjini kwao na ikamchukua. Kazi aliyopewa ni kukagua na kutengeneza mashine za kiwanda cha karata. Digrii kwa ukuta, spana mkononi. Wasee wengi mtaani wanaijua hiyo hali vizuri kuliko mimi.

Kazi haikumjaza siku, kwa hivyo akawa anajitengenezea vitu vya kuchezea palepale kiwandani. Kimojawapo kilikuwa mkono wa kurefuka. Fikiria ile geti ya chuma ya kukunja inayofunga duka: vipande vimepishana, ukibana huku, kule mbele vinanyooka. Sasa weka kitu cha kushikia kwa ncha. Unakaa kwa kiti na unachukua kitu kilicho mbali bila kusimama. Ni uvivu umepewa umbo.

Siku moja mdosi alikuwa anazunguka kiwandani akamfumania akicheza nao. Yokoi akaitwa ofisini akijua amekwisha. Yamauchi hakumfuta. Alimwagiza ageuze hicho kidude kiwe bidhaa ya kuuzwa. Ultra Hand ikaingia madukani 1966 na ikauza zaidi ya milioni 1. Kampuni iliyokuwa inatafuta riziki kwa teksi na wali ikapata pumzi, na fundi wa mashine akahamishwa kwenda kubuni vitu vya kuchezea.

Vilifuata vingi. Kulikuwa na Ultra Machine ya kurusha mipira laini ndani ya nyumba, ndio mtoto afanye mazoezi ya besiboli bila kuvunja dirisha la mamake. Halafu 1969 ikaja ile ninayoipenda zaidi, Love Tester. Mvulana anashika chuma kimoja, msichana anashika kingine, kisha wanashikana mikono. Mshale kwenye kioo unapanda na kushuka kuonyesha mnapendana kiasi gani. Ukweli ni kwamba mashine ilipima tu umeme kidogo unaopita kwenye ngozi zenu. Mkono ukitoa jasho, mapenzi yanapanda. Yokoi mwenyewe alikiri baadaye kwamba lengo lilikuwa kupata sababu ya kushika mkono wa msichana. Kwa Japani ya wakati huo, hiyo ilikuwa huduma kwa taifa.

Pia akafanya bunduki za mwanga, kwa kutumia seli za jua. Unapiga shabaha kwa mwale wa mwanga, na seli iliyo kwenye shabaha inaupokea na kusema umepata. Kama ulikulia hapa Kenya na zile gemu za TV za kichina zilizokuja na bunduki ya kupiga bata, sasa unajua ukoo wake. Duck Hunt, gemu ya 1984 ambayo zile mashine ziliinakili, ilitoka kwenye idara ya Yokoi.

Bunduki hizo karibu zizike kampuni. 1973 Nintendo ilikuwa inageuza kumbi za boli kuwa viwanja vya kupiga shabaha kwa mwanga, mradi mkubwa kweli. Mwaka huo huo mafuta yakapanda bei dunia nzima, Japani ikashikwa na baridi, na oda zikafutwa. Nintendo ikabaki na madeni ya kutisha. Kwa miaka kadhaa ilitembea nayo shingoni.

Mtu mmoja ndani ya treni

Hapa sasa ndipo akili ya Yokoi inaonekana wazi, kwa hivyo tulia kidogo.

Miaka ya 1970 ilikuwa vita ya vikokotoo Japani. Sharp na Casio walipigana kwa bei hadi kikokotoo kikawa chembamba kama kadi na bei ikaporomoka. Matokeo yake, skrini ndogo za kioo za kuonyesha namba, na chipu za kuziendesha, zikawa rahisi na za kumwaga. Kwa wahandisi wakubwa hiyo ilikuwa teknolojia imezeeka. Walishaangalia kwingine.

Yokoi akiwa ndani ya treni ya mwendo kasi akaona msee wa ofisi amechoka, anabonyezabonyeza kikokotoo chake kupitisha muda. Hahesabu chochote. Anacheza. Yokoi akawaza: je, kama hicho kidude kingekuwa gemu kweli, kidogo, cha kufichika mkononi, mtu mzima acheze bila aibu?

Wazo lingefia hapo kama si dereva wa mdosi kuugua. Gari la Yamauchi lilikuwa la nje, usukani upande mwingine, na Yokoi ndiye alikuwa anaweza kuliendesha. Akapewa funguo. Njiani, badala ya kunyamaza kama dereva, akamweleza mdosi lile wazo. Yamauchi hakuonyesha kama amesikia. Lakini siku hiyo alikuwa anaenda kwa mkutano ambao rais wa Sharp alikuwepo, na Sharp walikuwa na viwanda vya zile skrini na hawana pa kuzipeleka. Haikupita muda, watu wa Sharp wakawa ofisini Nintendo.

Aprili 1980 ikatoka Game & Watch ya kwanza, Ball. Gemu moja, saa ndani yake, basi. Zilizofuata zilikuwa nyingi, na kwa jumla ziliuza milioni 43.4 duniani. Yale madeni yaliisha, na pesa ya kujaribu mambo makubwa zaidi ikapatikana. Bila hiyo pesa, hakuna Nintendo unayoijua.

Kile kimsalaba tulichoanza nacho kilizaliwa hapa. 1982 walitaka kuweka Donkey Kong kwenye Game & Watch yenye skrini mbili, ya kufunguka kama kitabu. Gemu hiyo inahitaji kupanda ngazi, kukimbia, kuruka. Kijiti cha kusukuma kama cha mashine kubwa kingetokeza na kuzuia isifunge, na vitufe vinne mbalimbali vinachanganya kidole. Jibu likawa kipande kimoja cha plastiki chenye umbo la msalaba, kinachoegemea upande unaokandamiza. Kidole kinajua kilipo bila macho kuangalia. Kimekaa miaka zaidi ya 40 na hakuna aliyepata kitu bora cha kukiondoa kabisa.

Donkey Kong yenyewe, ile kubwa ya 1981, ilichorwa na kijana mgeni anaitwa Shigeru Miyamoto. Yamauchi alimkabidhi kwa Yokoi amwangalie. Huyo kijana ndiye babake Mario. Watu wanamwimba Miyamoto hadi leo, na ni haki yake, lakini aliyekuwa amekaa kando yake akisimamia hiyo kazi ya kwanza anasahaulika.

Teknolojia iliyokauka

Yokoi alikuwa na jina la mtindo wake wa kazi. Kwa Kijapani alitumia neno la mmea ulionyauka: teknolojia iliyokauka, ifikiriwe kwa upande. Maana yake, usikimbilie chipu mpya kabisa ambayo ni ghali na hakuna anayeijua vizuri. Chukua ile imezoeleka, ambayo magonjwa yake yote yanajulikana na bei imeanguka, kisha ipeleke mahali ambapo hakuna mtu amewahi kuipeleka. Kikokotoo kikawa gemu. Seli ya jua ikawa bunduki. Kipimo cha umeme kikawa kipimo cha mapenzi.

Mtihani mkubwa ukawa Game Boy, 1989. Idara yake ya R&D1 ilitoa kidude kizito cha rangi ya kijivu chenye skrini ya kijani iliyofifia, vivuli vinne tu, hakina taa ya nyuma. Ukikaa gizani huoni kitu. Hata ndani ya timu kulikuwa na mvutano. Injinia Satoru Okada alitaka mashine kamili ya kubadilisha kaseti na yenye uwezo wa kukaa miaka, wakati Yokoi alianza akiwaza kitu chepesi zaidi kama Game & Watch. Okada akasukuma, Yokoi akakubali. Naona ni muhimu kusema hivyo, ju story za magwiji hupenda kufanya kila kitu kitoke kwa kichwa kimoja.

Lakini kwa rangi Yokoi hakukubali. Rangi ingekula betri na ingepandisha bei. Wapinzani walikuja na rangi: Atari Lynx mwaka huo huo, Sega Game Gear mwaka uliofuata. Zilikuwa nzuri kuangalia, na zilinyonya betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia betri nne na ukacheza zaidi ya saa kumi. Sasa jiweke kwa viatu vya mtoto ambaye betri ananunuliwa na mzazi. Utachagua gani? Pia iligharimu karibu nusu ya Lynx, dola 89.99 kule Marekani, na ndani ya boksi la Marekani kulikuwa na Tetris, ile gemu ya Mrusi Alexey Pajitnov ambayo hata shosho anaielewa kwa dakika moja. Vile vidude vya plastiki vya kupanga matofali vilivyouzwa kila stesheni ya matatu miaka ya nyuma, vimeandikwa gemu 9999, ni vijukuu vya hii ndoa.

Ukijumlisha na Game Boy Color iliyokuja baadaye, ziliuzwa milioni 118.69. Moja ilienda angani 1993 na mwanaanga Mrusi Aleksandr Serebrov. Nyingine iliungua kambini kwenye Vita vya Ghuba, plastiki ikayeyuka mbele, na bado ikawaka. Nintendo waliionyesha kwa miaka mingi dukani mwao New York ikiendelea kucheza Tetris.

Mashine nyekundu

Halafu ikaja Virtual Boy.

Yokoi alikuwa ameona teknolojia ya kampuni moja ya Massachusetts iliyotumia taa ndogo nyekundu na vioo kukuonyesha picha yenye kina, kila jicho na picha yake. Akaipenda. Ilikuwa ya bei nafuu, nyekundu ilikula umeme kidogo, na hakuna aliyekuwa ameifanya gemu. Kwa karatasi, ni Yokoi kabisa. Kwa uhalisia mambo yalienda mrama. Mpango wa kuivaa kichwani ukaachwa, ikawa mashine ya kusimama mezani kwa miguu miwili, wewe unainama na kuzamisha uso ndani. Kila kitu ni nyekundu na nyeusi. Shingo inauma, macho yanachoka, na boksi lenyewe limejaa maonyo ya afya. Rafiki akikaa kando hawezi kuona unachofanya, kwa hivyo hata raha ya kupokezana ikaisha.

Na Nintendo ilikuwa na haraka. Macho ya kampuni yote yalikuwa kwa Nintendo 64, na Virtual Boy ikasukumwa madukani Julai 1995 kabla haijaiva. Ilipata gemu 22 tu maisha yake yote na ikauza takriban 770,000. Japani ilikufa kabla mwaka kuisha.

Maoni yangu: wazo halikuwa baya, lakini Yokoi alisahau sheria yake mwenyewe. Skrini ya kikokotoo ilikuwa imezoeleka kwa kila mtu. Hii ya vioo na taa nyekundu haikuwa imekauka. Ilikuwa mbichi.

Tarehe 15 Agosti 1996 Yokoi akatoka Nintendo. Watu wote wakasema amefukuzwa kwa ajili ya Virtual Boy. Yeye alikana, akieleza kwamba alikuwa na mpango wa kuondoka na kujitegemea hata kabla. Kabla ya kutoka alimalizia Game Boy Pocket, Game Boy iliyopunguzwa mwili na yenye skrini safi zaidi. Yaani hakutoka akiwa amenuna. Alitoka akiwa amemaliza kazi iliyokuwa mezani.

Kinachouma ni muda. Februari mwaka huo huo, gemu mpya ya Game Boy ilikuwa imetoka Japani bila kelele. Ilitumia ule waya wa kuunganisha Game Boy mbili uliokuwepo tangu 1989 na ambao watu hawakuwa wameutumia sana. Mbunifu wake, Satoshi Tajiri, aliuangalia waya akawaza wadudu wakitambaa kutoka mashine moja kwenda nyingine, na watoto wakibadilishana. Hiyo ndiyo Pokémon. Mashine ya Yokoi ya vivuli vinne, iliyokuwa na miaka saba na kila mtu akidhani imezeeka, ikaamka na kuwa moto dunia nzima, na mwenyewe hayuko tena jengoni.

Barabara ya Hokuriku

Alifungua kampuni ndogo hapo Kyoto, akaiita Koto. Bandai wakamfuata wakitaka mashine ya mkononi ya kushindana na Game Boy. Akaanza kuichora kwa mtindo ule ule: bila rangi, bei ya chini, betri moja tu.

Hakuiona ikitoka. Tarehe 4 Oktoba 1997 alikuwa ndani ya gari na mwenzake kwenye barabara kuu ya Hokuriku, mkoa wa Ishikawa. Gari lao likagonga lori lililokuwa mbele. Wakatoka nje kuangalia uharibifu, na gari lingine likaja likawagonga hapo barabarani. Yokoi akafariki. Kosa la sekunde chache, kusimama mahali ambapo kila mtu angesimama.

Mashine ya Bandai ilitoka Machi 1999 kwa jina WonderSwan, yen 4,800, na betri moja iliiendesha saa nyingi kuliko chochote sokoni. Gemu ya kupanga mistari iliyotoka nayo wakaipa jina Gunpey, kwa heshima yake.

Venye Nintendo ilirudi

Huku nyuma Nintendo ilikuwa inaumia. Nintendo 64 ilishikilia kaseti wakati Sony wametumia CD. Watengenezaji wakahama, Final Fantasy ikahama, na hesabu ikawa milioni 32.93 dhidi ya zaidi ya milioni 100 za PlayStation. GameCube ya 2001 ilikuwa na nguvu za kutosha na bado ikauza milioni 21.74 tu, huku PlayStation 2 ikivuka milioni 150. Kilichowaweka hai ni vidude vya mkononi, ile njia aliyofungua Yokoi.

2002 Yamauchi akaachia kiti baada ya miaka 53. Akampa Satoru Iwata, mtu wa kuandika programu asiyetoka kwenye familia. Mzee lakini aliacha agizo moja: mashine inayofuata iwe na skrini mbili. Wengi ndani waliona ni wazimu. Ukikumbuka ile Donkey Kong ya kufunguka kama kitabu ya 1982, siyo wazimu hata kidogo. Nintendo DS ilitoka 2004, skrini mbili, ya kukunja, moja ya kugusa kwa kalamu. PSP ya Sony ilikuwa na nguvu zaidi na picha kali zaidi. DS ikauza milioni 154.02, karibu mara mbili yake, ju iliwavuta hata watu wazima waliocheza mafumbo ya kunoa ubongo na wasichana waliolea mbwa ndani ya Nintendogs. Yaani yule msee wa treni alipatikana tena, safari hii na familia yake.

Kisha 2006. Sony wakaleta PlayStation 3 ya dola 499 na 599. Nintendo wakaleta Wii ya dola 249.99, ambayo ndani yake kimsingi ilikuwa GameCube iliyoongezwa kasi. Chipu zilizokauka. Kitu kipya kilikuwa mkononi: rimoti yenye kihisi cha mwendo kinachojua unaizungusha vipi. Unapunga mkono, mtu wa kwenye skrini anapiga tenisi. Wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee walishindana kuangusha boli. Milioni 101.63.

Si kwamba baada ya hapo walikuwa malaika. Walipotoa 3DS 2011, picha zenye kina bila miwani, ilianza vibaya hadi bei ikakatwa ndani ya miezi michache, lakini ikafika milioni 75.94. Ile ndoto ya Virtual Boy ilikubalika teknolojia ilipokomaa. Wii U ya 2012 ikaanguka kabisa, milioni 13.56. Iwata akafariki 2015 akiwa kazini bado. Miaka miwili baadaye ikaja Switch, mashine ya kuchomoa kwa TV na kutoka nayo nyumbani, ikitumia chipu ya Nvidia iliyotangazwa tangu 2015 wakati wapinzani wanajivunia nguvu. Imepita milioni 150.

Tarehe 2 Oktoba 2024, siku mbili kabla ya miaka 27 tangu ile ajali, Nintendo walifungua makumbusho yao huko Uji, Kyoto, kwenye kiwanda cha zamani walichokuwa wakitengenezea karata. Ukiingia unapewa sarafu 10 za kidijitali za kuchezea. Unaweza kuzitumia kurushiwa mipira na Ultra Machine, au kushikana mikono na mtu wako mbele ya Love Tester kubwa. Kuna pia sehemu ya Ultra Hand: mipira inapita mbele yako kwenye mkanda, na wewe umesimama na ule mkono wa kukunja, unajaribu kuishika mmoja mmoja kabla haijapita.